Leso Kinywani

Jego, 6 Mei 2024

Kwa mwanangu Chiku binti Nassir,

Assalaam alaykum. Najua ukiifungua barua hii utaniamkia kabla hujafika mstari wa pili, ndivyo ulivyolelewa, basi marahaba. Mimi shangazi yako sijambo, ila goti, na goti hilo tumeshazoeana. Baba yako alikuja Ijumaa kutoka Msambweni, amenenepa, mkewe anampikia wali wa nazi kila siku kama bwana arusi. Mihogo imeshika vizuri. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Rafiki yangu Kache anakusalimu, bado anauza mboga zake pale njiani na bado anagombana na kila mnunuzi.

Utastaajabu kupata karatasi wakati dunia nzima inaongea kwa simu. Simu siitaki. Sauti zenu siku hizi zinatoka humo kama za mtu aliyeinamia mtungi. Isitoshe, nyumba hii haina siri. Ninakuandikia mlango nimeufunga.

Chiku, Yusra si mtu mwema.

Miaka minne tangu mwanangu Kibwana amuoe nimeishi naye vizuri, na Mgala muue na haki umpe: anapika, anafua, hana mguu wa kutembea tembea. Lakini tangu mfungo wa Ramadhani amegeuka. Asubuhi nimeketi, anapita na ndoo yake, kichwa chini, leso kinywani, ananipita, huyoo! Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Mkaza mwana anampita mavyaa wake kama gogo! Mimi, mama yake mume wangu niliishi naye miaka ishirini, na siku moja sikuwahi kumpita bila kumwamkia, hata siku niliyokuwa nimemkasirikia.

Si hilo tu. Yeye na Kibwana wananong'ona jikoni. Nikitokea, kimya. Mwezi uliopita tulikwenda arusini Bongwe, kwao Yusra. Wanawake tumezunguka masufuria, ngoma upande huu, spika upande ule, na Yusra yumo katikati yao anasema. Nikashika jina langu. Kisha nikashika "nyumba". Kisha wakacheka wote. Mimi si mtoto, Chiku, hayo mengine niliyaunganisha mwenyewe. Wanaitaka nyumba hii, na mimi nipelekwe kwa baba yako nikafie barazani kwake.

Tena usinitajie uziwi, maana najua kazi yako ni ya masikio. Walishanipeleka hospitali, hao hao wawili. Nikatiwa katika chumba kidogo kimya kama kaburi, nikavikwa madude masikioni, nikaambiwa nikisikia filimbi nibonyeze. Nikabonyeza zote, hata zile nyembamba kama mbu. Yule bwana akasema, "Mama, kwa umri wako una masikio mazima." Sasa niambie wewe uliyesoma: ikiwa masikio yangu ni mazima na maneno yao siyasikii, ni nani anayeshusha sauti?

Maulidi yakipita nitaita kikao. Baba yako atakaa kama mzee wetu, na wa kwao Yusra watakuja kumchukua binti yao. Kibwana sijamwambia. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe huna mdomo.

Shangazi yako,
Mejumaa


Eldoret, 27 Mei 2024

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeipata, nikafurahi kuuona mwandiko wako, kisha nikasoma na furaha ikaniisha. Huku ni baridi, mpaka maji ya kutawadhia nayaonea haya. Wenzangu wananipa maziwa yao ya mursik, wanasema nitazoea. Bado. Kazini salama, kutwa ni kupima masikio ya watoto na wazee. Baba nimempigia, anakataa kwamba amenenepa.

Shangazi, nakuomba kitu kimoja: hicho kikao usikiite kwanza. Mwanamke akishatolewa nyumbani mbele ya watu, hata akirudishwa harudi yule yule. Naye Kibwana anampenda mkewe, wewe unajua. Utampoteza mwanao pamoja naye.

Nina maswali mawili, nijibu bila kukasirika. Asubuhi huwa unaketi wapi? Na kuna kitu chochote kipya hapo uani tangu mfungo?

Mtoto wako,
Chiku


Jego, 14 Julai 2024

Kwa Chiku,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Sisi wazima. Mbuzi mmoja kati ya mapacha amekufa, mwingine anakunywa maziwa ya wawili. Baba yako ana mafua.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata jana. Jana! Ati mwenye bodaboda alivunjikiwa na pikipiki, mzigo wake ukakaa Ukunda. Huenda. Lakini bahasha ina kunyanzi pembeni kama iliyofunguliwa, na aliyeniletea chumbani ni Yusra, kwa mikono miwili, macho chini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu wewe nawe! Nakuandikia kuwa ninatolewa nyumbani kwangu, wewe unaniuliza naketi wapi asubuhi. Ebo, umekuwa askari? Haya, ninaketi baraza ya nyuma, mgongo ukutani, goti lipate jua. Na kitu kipya ni mashine ya kusaga ya Swabir, jirani, ameifunga nyuma ya ukuta huo huo mwanzo wa mfungo. Inaanza baada ya alfajiri, inasaga mahindi ya kijiji kizima mpaka adhuhuri. Nimeizoea, siisikii tena. Umeridhika?

Sasa mimi nina swali langu, moja tu. Yusra huwa anakupigia simu?

Nijibu ndiyo au la. Maana juzi nilimwona uani, simu sikioni, ananipa mgongo, na mabega yalikuwa yakitikisika. Alikuwa akicheka.

Mejumaa


Eldoret, 30 Julai 2024

Shikamoo shangazi,

Pole kwa mbuzi. Mwambie baba anywe tangawizi, asijitie ujana. Mimi nimehama chumba, sasa nina dirisha linalotazama shamba la ngano, napata kukumbuka kuwa dunia ina nafasi.

Shangazi, barua yako nimeisoma nikasimama. Mashine! Nilikuwa nikilitafuta neno hilo tangu mwezi wa tano. Nakuomba uketi, usome taratibu, ukitaka kunitukana unitukane mwishoni.

Sikio ni mlango tu. Kila kinachopita linakiingiza: mashine, kuku, redio, mtu anayesema. Anayechambua ni ubongo. Wakumbuka ulivyonifundisha kupepeta mchele, ungo ukauinamisha hivi, makapi yakaruka, mchele ukabaki? Ubongo hufanya hivyo na sauti. Huikamata moja, huifuata, nyingine huziacha zianguke. Lakini kwa kazi hiyo unataka msaada. Unataka sauti itoke upande wake, si upande mmoja na kelele. Unataka kuona midomo, maana macho nayo husikia, hata kama hujui kuwa yanasikia. Unataka sauti yenye nguvu kidogo kuliko makapi yake.

Umri ukisogea, zile nyuzi zinazotoka sikioni kwenda ubongoni huchakaa, baadhi hunyamaza. Pakiwa kimya, zilizobaki zinatosha, ndiyo maana filimbi zote ulizisikia na yule bwana hakukudanganya. Kwenye kelele hazitoshi. Hapo mtu husikia kuwa kunasemwa, asijue kinachosemwa. Na kuchuja huko kunachosha. Ulipotoka Bongwe ulilala siku nzima au sivyo?

Jambo la mwisho ndilo ninaloliogopa. Ubongo hauwezi kuvumilia pengo. Maneno yakikatika hujishonea wenyewe, kwa kitambaa kilicho karibu. Mwenye furaha atashona la furaha. Mwenye shaka, shangazi, atashona shaka yake, kisha ataapa kuwa ameisikia kwa masikio yake. Pale Bongwe ulishika jina lako na "nyumba". Katikati palikuwa na nini? Hujui. Mimi pia sijui.

Sikuombi uniamini. Mjaribu Kache, ambaye hana faida yoyote katika nyumba yako. Mashine ikisaga, keti pale pale barazani, yeye asimame nyuma yako, aseme kwa sauti ndogo, leso mdomoni, kama mkaza mwana anavyosema na mavyaa wake. Kisha aje mbele, aondoe leso, aseme tena.

Mtoto wako,
Chiku


Jego, 25 Agosti 2024

Chiku,

Tuko hai.

Nimefanya hilo jaribio lako. Kache alisimama nyuma yangu akasema, na mimi niliambulia mvumo tu. Nikamwambia, "Sema basi!" Akaniambia ameshasema mara tatu. Nikamwambia mwongo. Akaja mbele, akanikazia macho, akasema, na mashine inanguruma vile vile, nikamsikia akiniambia kuwa marehemu mume wangu alikuwa akikoroma mpaka kwao wakisikia. Kache tumekua pamoja, yeye Mduruma wa kanisani, mimi wa madrasa, hatujawahi kufichana kitu. Na nilimfukuza. Nilimwambia amenunuliwa. Akachukua kapu lake akaenda zake, mpaka leo hajaja.

Sasa tuje kwako. Nilikuuliza swali moja. Ukaniandikia kurasa za ubongo na ungo na nyuzi, swali langu ukaliruka kama tope. Nikajua. Na Jumanne iliyopita simu ya Yusra ililia juu ya meza, mwenyewe yuko kisimani, nikaitazama. Jina lako, Chiku. Jina lako limeandikwa pale.

Kumbe na wewe! Nami nikisema huna mdomo. Kumbe mdomo unao, ila uko upande wa pili. Siku ile alipokuwa akitikisa mabega ni wewe uliyekuwa ukimchekesha. Hicho kisa cha masikio mmekitunga wawili, ili siku ya kikao nikisema jambo muwaambie wazee, "Mwacheni, hasikii huyo."

Kikao kimeshapangwa. Maulidi yakiisha. Baba yako amekubali.

Shikamoo yako nimeiona. Sikuiitikia.

Mejumaa


Eldoret, 8 Septemba 2024

Shikamoo shangazi, hata kama hutaiitikia.

Ndiyo. Yusra hunipigia. Alianza katikati ya mfungo, na siku ile uliyomwona uani alikuwa akizungumza na mimi. Hakuwa akicheka. Mabega ya mtu anayelia nayo hutikisika, na wewe ulimwona mgongo tu.

Alichonililia sitakuambia. Alinilisha yamini, na alinilisha kwa sababu kwao kumsema mavyaa ni aibu kuliko kuachwa. Yeye yuko tayari kurudi Bongwe na mzigo wake kuliko kufungua kinywa juu yako. Nami nikuambie kweli, shangazi, maana umesema sina ukweli: mwanzoni nilimwamini yeye, na wewe ndiye niliyekushuku. Nilidhani umeingiwa na roho mbaya uzeeni. Ndiyo maana nilikuuliza unaketi wapi. Nilikuwa nikitafuta njia ya kuniondolea shaka juu yako, mpaka uliponiandikia habari ya mashine.

Umfukuze, usimfukuze, ni nyumba yako. Lakini kabla hujamfukuza muulize mwenyewe. Mwambie aondoe leso kinywani, anyanyue uso, akutazame machoni, aseme kwa sauti. Najua ni kumwomba akuvunjie heshima. Mwombe.

Na Kache umwombe radhi.

Chiku


Jego, 20 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Chiku,

Wa alaykumu salaam warahmatullah. Sisi wazima wote, na nikisema wote hesabu ni ile ile uliyoiacha. Mvua za vuli zimewahi. Mihogo tumeng'oa, mingine imeoza. Baba yako mafua yamemwisha, tumbo liko pale pale. Kache amerudi, nilimpelekea mkate wa sinia kwa mikono yangu, akala wote ndipo akasema amenisamehe.

Kikao tulikaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Walikuja baba yako, na ami yake Yusra kutoka Bongwe, mtu mpole, kanzu yake imepigwa pasi vizuri kwa aibu anayoijia. Kibwana aliketi mlangoni. Siku hiyo ndiyo aliyojua, na hakunitazama hata mara moja. Yusra yuko chini kwenye mkeka, leso imemfunika mpaka puani. Barua yako nilikuwa nimeikunja nimeitia kifuani, si kwa mapenzi, nilitaka kumwonyesha baba yako binti aliyemzaa.

Baba yako akaanza kwa Fatiha. Nilimsikia vizuri. Na katikati ya maneno yake mvua ikaja.

Chiku, nyumba hii ni ya bati, unajua. Ilishuka kama mtu anamwaga kokoto. Nikawaona midomo inakwenda. Baba yako anasema, ami anaitikia, Kibwana ananyoosha mkono, na mimi natikisa kichwa, naam, naam, kama mtu anayefuata. Nilipokuwa nikitikisa kichwa ndipo nilipojishika. Nikajiuliza, we Mejumaa, unaitikia nini? Hujasikia hata neno! Ni mara ngapi nimefanya hivi? Bongwe nilitikisa kichwa. Nilicheka walipocheka. Siku moja msibani nilitabasamu, Mungu anisamehe, sikujua walikuwa wakieleza maiti amekufaje.

Kisha baba yako akamgeukia Yusra akamuuliza jambo. Yusra akajibu. Niliona leso inatikisika tu. Na wote, Chiku, wote wakageuka wakanitazama mimi. Baba yako uso ulimshuka. Ami yake akatazama mkeka. Kibwana akajifunika macho. Lilikuwa limesemwa neno kubwa katika nyumba yangu, juu yangu, na mimi silijui. Moyo wangu ukaanza kushona, kama ulivyosema. Amenitukana. Amesema mimi mchawi. Amesema nilimla mume wangu. Yote nikayasikia, wallahi, kwa sauti yake kabisa!

Niliogopa. Si yeye niliyemwogopa. Niliogopa ile sauti, maana nilijua haikutoka mdomoni mwake.

Nikashuka kitini. Goti likalia, nikaliacha lilie. Nikajikokota juu ya mkeka mpaka magoti yetu yakagusana, mimi na mkaza mwanangu, mbele ya wanaume. Nikamwambia, "Ondoa leso." Akajifunika zaidi. Nikamwambia, "Yusra, ondoa leso, nitazame usoni, useme kwa nguvu." Baba yako akaniinamia sikioni akapiga kelele, "Dada, si adabu hiyo, unamtia mtoto dhambini!" Huyo nilimsikia. Nikamwambia adabu yake nitaibeba mimi.

Leso niliishusha kwa mkono wangu. Macho hakuyapandisha mara moja. Alipoyapandisha yalikuwa mekundu, na chini yake pameingia shimo, na mimi nakaa na mtoto huyu nyumba moja sikujua kuwa amekonda. Akasema, na mvua inapiga, na nikamsikia kila neno:

"Mama, mimi nakuamkia kila asubuhi. Tangu mfungo. Kila siku ninapita, ninasema shikamoo mama, na wewe unatazama mbele, hunipi marahaba. Siku nyingine narudi nasema tena. Nikajua nimekukosea, sijui nini. Kibwana namuuliza jikoni, naye hajui. Bongwe walitaja jina lako, nikawauliza wakubwa, mavyaa akikukatalia marahaba mnakaa naye vipi nyumba moja? Wakacheka, wakasema nivumilie. Kama ni kwenda, mama, nitakwenda. Lakini uniitikie hata mara moja kwanza."

Nitakuambia nini, mwanangu? Mimi niliyesema ananipita kama gogo! Kumbe gogo ni mimi, nimeegemea ukuta wa mashine, na mtoto wa watu anapita anainama, anaamkia, anasubiri, anakwenda zake kisimani na kilio chake. Na amefanya hivyo kwa sauti ya chini, leso mdomoni, macho chini, kama alivyofunzwa na mama yake, na kama ningemfunza mimi. Angekuwa hana adabu ningemsikia siku ya kwanza.

Nikamwambia, "Marahaba."

Nikaona haitoshi. Nikamwambia tena, marahaba, Yusra, marahaba mwanangu, marahaba, mpaka baba yako akatoka nje kwenye mvua ati anatazama viatu vyake. Yusra akaniangukia mapajani. Ami yake alikula wali wetu akarudi Bongwe peke yake.

Sasa asubuhi ninaketi baraza ya mbele. Yusra anakuja mbele yangu, ananigusa goti lile zima, anafungua kinywa, ananitazama machoni, anasema. Akitaka jambo Kibwana naye anakuja karibu, hasemei jikoni. Wakikaa wengi ninachagua pa kuketi, mgongo wangu kwa kelele na uso wangu kwa watu. Nyingine bado zinanipita. Zikinipita nasema sijasikia, rudia. Kulisema neno hilo kulinitoa jasho, Chiku, kuliko kikao. Ukija Disemba unipime wewe mwenyewe, lakini si katika chumba kile cha kaburi. Unipimie hapa, mashine ikisaga.

Majirani wanasema mkaza mwana wa Mejumaa ameharibika, anamkodolea mavyaa wake macho na kumpigia makelele. Nimewaambia wakitaka kusema hayo waje mbele yangu, waondoe leso.

Wewe bado nina neno nawe, kwa kunishuku. Nimekushuku nawe pia, basi tuache. Lakini ile shikamoo yako ya mwezi wa saba niliyoiona nikaiacha, na ile ya mwezi wa tisa uliyoniandikia ukijua sitaiitikia, zimekaa kifuani mwangu pamoja na barua zako, na usiku haziniachi.

Marahaba, Chiku. Marahaba.

Shangazi yako,
Mejumaa